Bayo ya KCSE imekwama? Dalili, sababu na dawa yake

Kama uko fomu foo, unangoja KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, na bayo, yaani biolojia, imekwama kwa C plus ama B minus muhula baada ya muhula, na bado unaamka saa kumi asubuhi kusoma, shida si bidii. Bidii unayo. Shida ni kwamba unameza dawa kabla ya kupimwa, unaona gredi iko chini unaongeza masaa, gredi inabaki pale pale, unaongeza tena, mwishowe unasinzia darasani wakati ticha anafundisha kitu ambacho kingekupa maki tatu za bure. Mimi hukaa na watahiniwa hapa Kisumu wakati wa likizo, wengine wanatoka Siaya, wengine Vihiga, na wengi wanalenga kozi za afya, udaktari Chuo Kikuu cha Maseno, uuguzi pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kwa hivyo B haiwatoshi. Hii ndo njia huwa nawapitisha. Majibu yenyewe utaandika kwa Kiingereza, hiyo inajulikana, hapa tunaongea tu.

Kwanza pima

Toa pepa zako tatu za mwisho zilizosahihishwa, moki (ule mtihani wa majaribio kabla ya KCSE) ikiwemo. Gredi wachana nayo. Shika kalamu ya rangi nyingine, na kando ya kila maki uliyopoteza andika herufi moja. A kama hukujua kabisa. B kama ulijua lakini maneno yalikuwa legelege. C kama hukusoma swali vizuri. D kama muda uliisha ama uliacha nafasi tupu. Usijihurumie, ukiona jibu la markingi skimu (mwongozo wa kusahihishia) alafu useme "aah, si mimi pia nilimaanisha hivyo", hiyo ni B. Jumlisha. Wengi huja wakiapa shida yao ni A tu, alafu wakihesabu wanashangaa venye B na C zimejaa, na hizo mbili hazitibiwi kwa kusoma notsi mara ya tano, zinatibiwa kwa kuandika majibu na kuyasahihisha.

Pia jua uzito wa kila pepa. Pepa wani ni maki 80 kwa masaa mawili. Pepa tuu ni maki 80, masaa mawili. Pepa thrii, ile ya praktikali, maki 40 kwa saa moja na dakika 45. Jumla 200, unagawanya kwa mbili ndo upate asilimia. Yaani praktikali peke yake ni asilimia 20 ya bayo yako yote, na bado kuna watu huanza kuifikiria Septemba. Hii tabia siielewi kabisa.

Dalili: "Nilijua hiyo jibu lakini nimepewa nusu maki, ama sufuri"

Hii ndo kubwa kuliko zote kwa hivyo tutakaa hapa kidogo. Sababu ni kwamba unajibu venye ungemwelezea rafiki yako kwa basi, na anayesahihisha hatafuti kuelewa ulichomaanisha, anatafuta hoja iliyoandikwa.

Mfano rahisi. Swali linauliza kwa nini kasi ya kimeng'enya inashuka joto likipita kiwango fulani. Mtu anaandika vimeng'enya vinakufa. Vimeng'enya haviko hai, ni protini, haviwezi kufa wala kuuawa, umbo lao ndilo linaharibika na ile sehemu ya kushika kitu kinachovunjwa haitoshei tena. Ukisema vinakufa umejiandikia sufuri ingawa wazo ulikuwa nalo. Ni hivyo hivyo na kupumua kwa mapafu na ile kazi ya seli ya kuvunja glukosi kupata nishati, hivyo ni vitu viwili. Kutoa kinyesi na kutoa taka za mwili kama urea, pia viwili. Haya makosa ni yale yale miaka nenda miaka rudi, na unaweza kuyamaliza kwa wiki moja ukitengeneza karatasi yako ya "maneno yanayoniponza" na kuibandika ndani ya mlango wa boksi.

Alafu kuna majibu yaliyokatika katikati. Swali: eleza venye ngozi inapunguza joto la mwili siku ya jua kali. Mtu wa Kisumu hili analijua mwilini mwake, anaandika "mwili unatoa jasho ili upoe", anafunga. Hapo ni kama amepata maki moja. Jibu kamili ni mnyororo: tezi za jasho zinatoa jasho zaidi, maji ya jasho yanageuka mvuke, yakigeuka yanachukua joto kutoka mwilini, ndo mwili unapoa. Mnyororo wa pili: mishipa midogo ya damu karibu na ngozi inapanuka, damu nyingi inapita karibu na uso wa ngozi, joto linapotea. Wa tatu: misuli ya vinyweleo inalegea, vinyweleo vinalala, hewa kidogo inanaswa, joto linatoka kwa urahisi. Unaona kila mnyororo una kitu kinachofanyika, kinachofuata, na matokeo yake. Ukiandika sentensi moja jiulize "alafu nini?" mpaka ufike kwa kile swali lilitaka.

Dawa: chukua maswali kumi ya kueleza kutoka pepa za nyuma, jibu bila kitabu, alafu weka markingi skimu kando na uhesabu hoja zako moja moja kama mtu asiyekujua. Usisome skimu kabla ya kujibu, hapo unajidanganya.

Dalili: maki za kutofautisha zinapotea kila mara

Sababu ni upande mmoja. Ukiambiwa utofautishe ateri na vena, ukiandika "ateri ina ukuta mnene" umeacha nusu ya jibu, lazima useme na vena ina ukuta mwembamba, kwa jambo lile lile, mstari ule ule. Usiseme ateri ina ukuta mnene na vena ina vali, hizo ni habari mbili hazilinganishwi. Chora mstari katikati ya karatasi ujibu kama jedwali kwenye rafu, utaona pengo mwenyewe. Na soma kitenzi cha swali: taja ni kutaja, usipoteze dakika nne ukieleza, na swali likikuambia "account for" linataka sababu, si kurudia kile kinachoonekana kwa grafu.

Dalili: praktikali inakutoa jasho

Hapa sababu huwa tatu na zote zinatibika.

Ya kwanza, unachanganya kilichoonekana na maana yake. Kwenye jaribio la wanga unaweka matone ya aidini kwa chakula. Ikiwa wanga upo rangi inageuka buluu-nyeusi. Ikiwa haupo, kwa safu ya ulichoona unaandika rangi ya kahawia ya aidini imebaki, huandiki "hakuna wanga", hiyo inaenda kwa safu ya hitimisho. Na usiandike "hakuna kilichobadilika" tu, sema rangi ni ipi. Sukari inayojibu Benedict lazima uipashe moto, ni kosa la kawaida sana mtu kusahau kuandika neno kuchemsha kwa utaratibu alafu anaona rangi kwa miujiza, kutoka buluu kwenda kijani, manjano, chungwa, hadi kahawia nyekundu ikiwa sukari ni nyingi. Protini ni kinyume, hutumii moto: sodiamu haidroksaidi kwanza, alafu kopa salfeti tone kwa tone huku ukitikisa, rangi ya zambarau. Mtu akishajua ni ipi inapashwa moto na ni ipi haipashwi, amepona nusu.

Ya pili, michoro. Penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, hakuna kupaka kivuli hata kidogo, mistari ya majina isikatane na isiwe na vichwa vya mshale, kichwa cha mchoro kiwepo. Wale mnaochora vizuri ndo mnaumia zaidi hapa, juu mnataka kupendeza. Hii si sanaa. Ukuzaji ni urefu wa mchoro ugawanywe kwa urefu wa kitu chenyewe, vyote kwa kipimo kimoja, kwa hivyo mchoro wa milimita 100 wa jani la milimita 25 ni ×4. Alama ya × iwepo, na usiweke milimita mwishoni.

Ya tatu, hujashika vitu kwa mkono, na kisingizio ni kwamba labu ya shule haina vifaa. Haya, nakubali, shule nyingi za huku hazina hadubini za kutosha, watu thelathini wanapiga foleni kwa moja. Lakini sehemu kubwa ya pepa thrii ni vitu vya sokoni. Kibuye ama soko lolote la karibu, nunua nyanya, papai na maganda ya kunde, kata uangalie mbegu zimeshikamana wapi: nyanya katikati kwenye mhimili, papai kwenye ukuta, kunde kwenye ukingo mmoja. Panda maharagwe na mahindi kwa kopo la kasuku, chora kila siku chache, utaona maharagwe yanainua zile ghala zake za chakula juu ya udongo na mahindi yanaziacha chini. Kwa ngege (tilapia) mbichi omba matamvua kabla haijapikwa, tafuta nyuzi nyekundu nyingi za kubadilishana gesi, ule mfupa unaozishikilia, na vile vimeno vya upande wa pili vinavyochuja takataka zisiharibu nyuzi. Siku nyumbani kuna supu ya shingo ya mbuzi, usitupe mifupa. Osha, panga. Ule wa kwanza wa shingo una mbawa pana, wa pili una kile kijino kinachoingia ndani ya wa kwanza, na mifupa ya shingo ina matundu kando ya kupitisha mishipa, ya kifuani haina lakini ina mwiba mrefu ulioelekea nyuma. Ukishaipanga kwa mkono mara moja hutaisahau, picha ya kitabu utaisahau. Juu ya picha, miaka ya karibuni pepa thrii imekuwa na picha nyingi zilizochapishwa, kwa hivyo zoea pia kuangalia picha na kuandika unachokiona, si unachokumbuka.

Dalili: jenetiki unaelewa darasani, kwa pepa inakataa

Ukipitia kazi ya mtu wa hivi karibu kila mara ni mpangilio, si akili. Tumia selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, huku kwetu kanda ya ziwa hii si hadithi ya kitabu, ni ugonjwa unaojulikana kwa vijiji, na sababu yake ya kubaki nyingi hapa ni malaria, mtu mwenye aleli (toleo la jeni) moja tu ya selimundu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Wazazi wote wawili ni HbA HbS, HbA ni aleli ya kawaida, HbS ni ya selimundu. Andika mstari wa fenotaipu (hali inayoonekana) ya wazazi, mstari wa jenotaipu (aleli zenyewe) na alama ya × katikati, gameti (seli za uzazi) kila moja ndani ya duara, mistari ya kuunganisha isipotoke, alafu watoto: mmoja HbA HbA, wawili HbA HbS, mmoja HbS HbS. Uwezekano wa mtoto mgonjwa ni robo. Robo kwa kila mimba, usiseme "wakizaa wanne mmoja lazima awe mgonjwa", wanne wote wanaweza kuwa wazima na wanne wote wanaweza kuugua. Duara za gameti ndo watu huacha, na zina maki.

Tabia zilizo kwa kromosomu X, kama hemofilia (damu kutoganda), kosa ni moja tu: unaweka aleli juu ya Y. Y ya hapo haibebi kitu. Mama mbebaji na baba mzima, nusu ya wavulana wanatarajiwa kuwa wagonjwa, hakuna msichana mgonjwa lakini nusu yao ni wabebaji. Ukipata jibu tofauti rudi uangalie Y yako.

Fanya maswali sita ya aina tofauti kwa wikendi moja, mfululizo. Jenetiki haipendi kuguswa kidogo kidogo.

Dalili: hesabu ndani ya bayo zinakutisha

Ziko chache, na zinajirudia. Kukadiria idadi ya wanyama: umevua ngege 120 kwa bwawa, ukaziwekea alama ukazirudisha, ukarudi baadaye ukavua 150 na kati yao 30 zina alama. Zidisha 120 kwa 150, gawanya kwa 30, unapata 600. Kisha wanauliza umechukulia nini, na hapo jibu ni kwamba hakuna samaki wameingia wala kutoka, vifo na kuzaliwa si vingi, zilizotiwa alama zimechanganyika na wenzao, na alama haijaziumiza. Ukubwa wa seli: upana wa uwanja wa hadubini ukiwa milimita 4, hiyo ni mikromita 4000, seli 20 zikijipanga kutoka ukingo hadi ukingo kila moja ni mikromita 200. Grafu, weka majina ya mihimili na vipimo vyake, skeli sawasawa, nukta ndogo, kichwa. Basi.

Dalili: pepa tuu inaisha kabla hujamaliza

Maki 80 kwa dakika 120 ni dakika moja na nusu kwa maki. Sekshoni A ni maki 40, kwa hivyo saa moja, swali la sita ni lazima na lina 20, alafu unachagua la saba ama la nane, 20 pia. Insha ina dakika 30 zako. Sababu ya kuchelewa huwa ni kuanza insha kwa mbwembwe, utangulizi wa mistari sita kuhusu umuhimu wa figo kwa binadamu, hakuna maki hapo hata moja. Ingia moja kwa moja kwa hoja. Na kabla ya kuchagua kati ya saba na nane, chukua dakika mbili, andika kwa penseli hoja za kila moja kwa neno moja moja, yenye hoja nyingi ndo yako, si ile topiki unayoipenda.

Ikolojia ikiletwa kwa insha kuna mtego wa sisi watu wa ziwa. Unaulizwa athari za maji taka na mbolea zikiingia ziwani, kijana anaandika gugu maji limefunga boti pale Dunga na wavuvi wamelala njaa. Ni kweli kabisa, lakini bayo hajajibu. Mnyororo tena: madini yanaongezeka, mwani na magugu yanamea kwa wingi, yanazuia mwanga, mimea ya chini ya maji haitengenezi chakula inakufa, bakteria wanaoiozesha wanatumia oksijeni, oksijeni inapungua, samaki wanakufa. Wavuvi waweke mwisho kama nafasi imebaki.

Dalili: opena (mtihani wa kufungua muhula) ulipata 68, moki 49

Usilie bado. Mitihani ya mwanzo wa muhula mara nyingi inauliza topiki za karibuni, moki inauliza kila kitu tangu fomu wani. Ule mwanya wa 19 mara nyingi ni usafirishaji, ubadilishanaji gesi, ugawaji wa viumbe, vitu ulivyoviacha fomu wani na fomu tuu. Rudi kwa zile herufi, ukiona A nyingi zimelundikana kwa topiki za fomu tuu, unajua wikendi mbili zijazo ni za nini. Topiki moja ya zamani na moja mpya kila siku, ukifunga kitabu na kuandika unachokumbuka kwa karatasi tupu, ndo ufungue uone kilichobaki. Kusoma ukiwa umepigia mistari ya manjano kila sentensi ni kupaka kitabu rangi.

Majina ya kisayansi: jenasi herufi kubwa, spishi ndogo, na kwa mkono kila neno lina mstari wake chini, mistari isiungane. Plasmodium falciparum, Oreochromis niloticus. Tahajia ikiharibika maki imeenda.

Dalili: unasoma, kichwa kinauma, hakuna kinachoingia

Kabla ya kujilaumu angalia mwili. Kama ubaoni unaona ukungu ukikaa nyuma, pimwa macho. Kama una baridi baridi na uchovu jioni, na chandarua chako cha bweni kina matundu, nenda kliniki upimwe malaria, usinunue vidonge kwa duka ukikisia. Kulala masaa manne wiki nzima pia kunaonekana hivi hivi, na dawa yake unaijua.

Dalili: kuna mtu Telegram anakuuzia pepa

Sababu: uko na hofu na yeye anajua. Anachokuuzia mara nyingi ni moki ya kaunti fulani iliyobadilishwa jalada, pesa ikienda anakublock. Na ikitokea ni ya kweli ni mbaya zaidi, juu matokeo yanaweza kufutwa, yako na ya wenzako wa shule nzima. Toka kwa hiyo grupu, na hizo pesa za bando pakua pepa za miaka iliyopita. Waliofanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza primari, ya mwisho 2023 ndo watafunga mlango wa KCSE 2027, na mtihani huu umekuwepo tangu 1989, kwa hivyo maswali ya kufanyia mazoezi hayawezi kukuishia. Anza na ya mwaka juzi, pepa thrii kwanza.